Masikio ya Papa Ghislain

Mimi ni mshika kamba. Usicheke. Hapa Likasi kuna watu wana diploma mbili na wanauza kredi ya simu chini ya mwavuli, mimi nina kamba yangu na kazi yangu. Na kwenye ncha ya pili ya kamba hiyo, kwa miaka kumi na tisa, amekuwapo mtu mmoja tu: Papa Ghislain, plongeur, mzamiaji wa barrage ya umeme ya Mwadingusha.

Kazi yenyewe nikueleze mara moja nisirudie. Maji yanapofika kwenye barrage, ule ukuta wa kuyazuia, yanapita katikati ya vyuma virefu vilivyosimama kama fito za ua, ili takataka zisiingie kwenye mashine za umeme. Takataka nazo hazina adabu. Majani ya ziwa, magogo, nyavu zilizokatika, siku moja hata kiti kizima cha plastiki, vyote vinakuja kuving'ang'ania vile vyuma, umeme unapungua, na simu za wakubwa zinaanza kulia. Hapo Papa Ghislain anavaa nguo yake ya mpira, anafunga kiunoni mkanda wenye vipande vizito vya plomb vya kumzamisha, anaweka mdomoni mpira wa hewa, mimi namfunga kamba, anashuka. Huko chini anatoa takataka kwa mikono. Maji yale ni rangi ya chai ya maziwa. Ukishuka mita mbili huoni hata pua yako. Miaka ishirini na miwili mtu huyu ameshinda ndani ya maji na hajawahi kuona kitu hata kimoja. Aliniambia kwamba akiwa chini anafumba macho kabisa. Akiyaacha wazi na kuona giza anaogopa, lakini akifumba mwenyewe haogopi, na mikono inafanya kazi yake.

Tunazungumza kwa kamba. Mvuto mmoja, niko sawa. Miwili, nilegezee. Mitatu, nipandishe upesi. Kila dakika tano lazima anivutie mara moja, na akichelewa nusu dakika ni mimi ninayezeeka. Mimi sivuti, ila nikiambiwa nipandishe. Mshika kamba kazi yake ni kungoja tu.

Sasa mwezi wa tano mwaka huu injinia Mathieu, mkubwa wa ile kampuni ndogo ya sous-traitance inayochukua kazi za barrage na kututumikisha, alitoka Lubumbashi na karatasi mkononi. Wafadhili walikuwa wanataka plongeur mmoja aende wiki mbili Nkhata Bay, kwenye Ziwa Malawi, katika shule ambako wazamiaji wa nchi mbalimbali wanakutana na kupewa cheti. Nafasi moja. Plongeur tunaye mmoja. Hesabu ya namna hiyo hata mimi naiweza.

Karatasi ilikuwa na picha. Mtu yuko ndani ya maji, samaki wa bluu wanampita begani, na mtu huyo anaonekana mwili mzima, mpaka kucha. Papa Ghislain aliuliza kama picha imepigwa kweli ndani ya maji. Injinia akasema ndiyo, mita kumi na tano. Papa Ghislain akaiangalia mpaka injinia akaanza kukohoa, kisha akaikata vizuri kwa kisu chake cha kazi na kuitia mfuko wa shati. Mimi nilidhani ni mambo ya mzee tu. Jioni, ndani ya lori, ndipo aliponigeukia.

"Rémy, minye niko na miaka makumi tano na ine," alisema. "Nataka nione mu mayi mbele ya kufa. Mara moja tu."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akitaka kitu.

Taabu ilikuwa kwenye ukurasa wa pili. Pasipoti, sawa. Karatasi ya chanjo, sawa. Karatasi ya daktari kuhusu masikio na kifua, sawa. Halafu mstari mmoja mdogo, kwa Kifaransa kizuri: mshiriki awe na uwezo wa kuogelea mita mia mbili na kuelea dakika kumi. Papa Ghislain aliusoma, akausoma tena, akanipa mimi. Nikamwangalia. Yeye akaangalia viatu vyake.

Hajui kuogelea. Plongeur wa barrage, miaka ishirini na miwili, hajui kuogelea hata kidogo. Nilipomuuliza imekuwaje, alinijibu bila haya, "Nashuka na plomb, napanda na Rémy." Na ni kweli tupu. Hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye hakuona sababu ya kuwasumbua watu.

Lakini mita mia mbili ni mchezo wa watoto ukilinganisha na Mama Hortense, bibi yake wa ndoa.

Lazima nikuambie habari za kaka yake Mama Hortense, Élie. Miaka kumi iliyopita Élie alipata kazi Afrika Kusini. Wakachinja mbuzi, wakakodi viti, avenue nzima ya Kikula, mtaa wao, ikaja kumuaga, mpaka watu wasiomjua wakalia. Kufika Kasumbalesa, mpakani, wakamrudisha, muhuri mmoja umekosekana kwenye karatasi. Siku ya nne alikuwa amesharudi, ameketi kwenye mlango wake na sanduku. Mpaka leo watu wanamwita Johannesburg. Wewe na mimi tutasema kosa ni la muhuri. Mama Hortense anasema kosa ni la midomo. Watu walijua, watu waliona wivu, safari ikaharibika. Tangu siku hiyo, kwake safari inafichwa kama ugonjwa mbaya. Akienda Lubumbashi kwa siku moja, anawaambia majirani anakwenda soko la Kikula, na jioni anarudi na nyanya ili kuthibitisha.

Aliposikia neno Malawi, kwanza alifunga madirisha. Kisha akatuapisha, mimi na bwana yake, mkono juu ya Biblia. Hata binti yao Sephora aliyeolewa Kolwezi asijue. Hata Pasta asijue. Ataombwa tu aombee jambo ambalo Mungu analijua. Basi yule Pasta akaomba miezi miwili, kwa sauti kubwa, bila kujua anaomba nini.

Ungeona maandalizi ungetubu. Picha ya pasipoti haikupigwa Likasi, kwa sababu mpiga picha wa sokoni ana mdomo. Ilibidi mzee aende kilomita mia na zaidi kupigwa picha ya sura ileile. Chanjo alichomwa siku ambayo muuguzi wa kanisa lao hayupo zamu. Sanduku lilinunuliwa kwa jina la shangazi mgonjwa. Halafu ikaja suti. Mama Hortense alisema bwana yake hatasimama mbele ya wageni na suruali ya barrage. Fundi akaambiwa ni suti ya harusi. Fundi akauliza harusi ya nani. Ikabidi azaliwe mpwa pale pale, aitwe Jessica, aolewe Kolwezi. Fundi, mtu wa heshima, akauliza atapata mwaliko lini, maana aliwahi kumshonea baba yake Jessica. Sijui alimshonea nani.

Nilimwambia, Mama Hortense, huyu mtu anakwenda kutiwa majini, suti ya nini? Akanijibu kwamba kabla ya maji kuna uwanja wa ndege. Nikakubali, maana kabla ya maji kuna uwanja wa ndege.

Mwalimu wa kuogelea nilimtafuta mimi. Kando ya Ziwa Tshangalele, nusu saa kwa pikipiki kutoka barrage, kuna mama mmoja mjane anayechuuza samaki, Bibiane, mikono minene, sauti ya kuita ng'ambo. Amezaliwa palepale, ameogelea kabla ya kutembea. Nilimwambia amfundishe mzee huyu na asiulize kwa nini. Akauliza kwa nini. Nikasema ni amri ya daktari, ni mambo ya mgongo. Alicheka mpaka akaketi kwenye beseni lake la samaki.

Basi kila siku saa kumi, kazi ikiisha, tunakwenda pale ambapo wanawake wanafulia nguo, maji ni ya kifuani na hakuna mamba. Papa Ghislain, mtu ambaye mainjinia wanamwamkia kwa kuvua kofia, analala kifudifudi juu ya mikono miwili ya Bibiane. Shida yake ilikuwa moja: mwili wake unajua njia moja tu, ya chini. Ukimwachia, anashuka taratibu, kwa adabu, anasimama kwenye matope na kungoja. Bibiane anamshika kwapani anampandisha na kumwambia kwamba chini ipo, haikimbii, leo tunakwenda mbele. Wiki ya kwanza, mita nne. Wiki ya tatu, makumi mawili. Mwezi wa sita ulipokatika alikwenda kutoka jiwe la kufulia mpaka miti ya kuanikia nyavu na kurudi, na niliipima njia ile kwa kamba yangu mwenyewe: mita mia mbili na tatu. Nilipiga kelele kama mwehu. Kuelea tu ndiko kulikomsumbua. Alikuwa akilala chali anafumba macho, na Bibiane alikuwa akimgombeza kila mara afungue, aangalie mbingu, mbingu haina deni naye. Hakufungua.

Sasa sikiliza. Samaki wa Tshangalele wanakwenda Likasi juu ya malori, na habari zinapanda na samaki. Wiki mbili hazikuisha, soko zima la Kikula linajua kwamba Papa Ghislain ana mwanamke ziwani, kwamba kila siku saa kumi wanavua nguo na kuingia majini pamoja, kwamba mwanamke anamshika kiuno, na kwamba Rémy anakaa kwenye jiwe na saa mkononi akihesabu. Ubaya wa uvumi ule ni kwamba hakukuwa na neno moja la uongo ndani yake.

Wamama wa maombi wakaja kwa Mama Hortense na mkate na sukari, kama mahali pa matanga. Wakamshika mikono. Wakamwambia asikate tamaa, wanaume wa maji ndivyo walivyo. Yeye anajua kila kitu. Bibiane anamjua, mafuta ya kumpaka mzee asipate baridi ni yeye aliyetupatia. Angesema neno moja tu, kuogelea, yangeisha. Lakini ukisema kuogelea utaulizwa kuogelea kwa nini, na ukijibu hilo umeshataja Malawi. Basi akanyamaza, na kwa hasira machozi yakamtoka, na wale wamama wakaona machozi, wakathibitisha. Wakafunga kwa ajili yake siku tatu bila kula. Na yeye, ili wasishuke moyo, akafunga pamoja nao, dhidi ya dhambi ya bwana yake ambayo haipo.

Nilikwenda kumwambia kwamba heshima ya mzee inachafuka soko zima na yeye anaomba. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto.

"Rémy, minye nitabeba haya," alisema. "Safari ya bwana yangu sitaitia mu midomo ya bantu."

Ningefanya nini? Ni mimi pia niliyeapa.

Jumapili iliyofuata ndipo mambo yalipoharibika. Mama Colette ni sekretari wa kampuni yetu hapa mjini na anasali kanisa moja na Mama Hortense. Ni mtu safi, mtu wa kuandika anachosikia na kusikia anachoambiwa. Ibada ilipoisha, uani, katikati ya wamama wote, alimwendea Mama Hortense kwa roho nzuri kabisa. Injinia anataka jina la mwisho wiki hii, karatasi ya masikio bado haijafika, na kule barrage simu haishiki. Je, Papa Ghislain yuko tayari kwa ile Malawi?

Wamama kumi na wawili wakageuka.

"Malawi gani, Mama Colette?" Mama Hortense alisema. "Bwana yangu haendi fasi yoyote. Masikio iko inamuuma. Hata kusikia hasikii muzuri."

Masikio aliongeza kwa ladha tu. Baadaye aliniambia kwamba alijivunia, kwa sababu neno lilimjia bila kufikiri. Amemrudisha adui mlangoni, safari iko salama. Na Mama Colette, mtu safi, akaenda Jumatatu kazini akaandika: Ghislain, haendi, masikio.

Alhamisi injinia Mathieu alipanda mwenyewe barrage kutuambia. Atakayekwenda Malawi ni Gaston. Gaston ni karani anayeandika bon, vile vikaratasi vya kuchukulia mafuta ya magari. Hajawahi kulowa zaidi ya vifundo vya miguu, lakini ana pasipoti, na sanduku lake lina magurudumu. Na Papa Ghislain asiguse maji mpaka daktari aangalie masikio, hiyo ni sheria, kampuni haitaki matatizo.

Papa Ghislain alisema masikio yake ni mazima. Injinia akainua sauti, pole pole, neno kwa neno, kama watu wanavyosema na kiziwi: "Ndiyo, Papa. Tunaelewa, Papa." Mzee akarudia kwamba anasikia vizuri. Injinia akamsogelea sikioni na kupiga kelele kwamba si aibu, ni ugonjwa wa kazi. Kadiri mzee alivyokataa ndivyo alivyozidi kuonekana hasikii. Mwisho injinia akamaliza maneno: ni bibi yake mwenyewe aliyesema, mbele ya watu.

Hapo Papa Ghislain akaacha kubisha. Alielewa upesi kuliko mimi. Alikwenda akaketi kando ya maji na nguo zake kavu, jambo ambalo miaka kumi na tisa sikuwahi kuliona, akatoa ile picha mfukoni. Nikakaa naye. Kamba ilikuwa miguuni pangu, imekunjwa, haina kazi.

"Nilikuwa karibu, Rémy," alisema. Basi.

Siku ya pili, Ijumaa, nilishuka Likasi na hasira yangu yote ndani ya lori la mchanga, na nilikuwa nimeandaa maneno mabaya. Nilimkuta Mama Hortense anapiga pasi ile suti. Nikamwambia yote bila kuketi. Alisimamisha pasi, akaizima, akaiweka pembeni vizuri. Alisema polepole kwamba alifanya vile ili mzee aende. Sikuweza kutoa hata tusi moja. Aliuliza jina linapelekwa Lubumbashi lini, nikasema Jumatatu saa sita. Akakunja suti.

Jumapili nilisimama kwenye mlango wa kanisa lao. Mimi ni Mkatoliki, ninasikiliza nje. Ulipofika wakati wa ushuhuda, Mama Hortense alinyanyuka. Hajashuhudia tangu ile habari ya Élie. Alipita katikati ya viti mpaka mbele, akachukua maikrofoni kwa mikono miwili.

"Bwana yangu anaenda ku Malawi," alisema. "Mwezi wa saba, tarehe kumi na mbili, na ndege, ku Lubumbashi, saa ine ya asubui. Anaenda kuingia mu mayi ya safi, aone. Masikio yake iko mazima. Ni minye nilidanganya. Na ule mama wa ku ziwa anamufundisha kuogelea tu."

Aliwapa yote. Nchi, tarehe, saa, akaongeza mpaka rangi ya sanduku. Kila kitu alichokificha miezi miwili, akakiweka mezani mbele ya midomo yote ya Kikula, huku jasho likimtoka kama mtu anayekwenda kuchinjwa. Nilimwonea fahari, nakuambia kweli, na mimi si mtu wa kumsifia Mama Hortense.

Halafu kutoka safu ya wamama wa maombi ikatoka sauti ndogo ya huruma. Hakuna hata mmoja aliyeamini. Maskini, walisema, mpaka amemtungia nchi. Mama mkubwa wa maombi akaja, akamkumbatia, akamwondolea maikrofoni mkononi kidole kimoja kimoja. Na Pasta, ambaye hatimaye aliona ameelewa alichokuwa akiomba muda wote ule, akafunga macho na kuwaombea wanawake wote wanaozitetea ndoa zao. Wengi walilia. Mama Hortense alikuwa anarudia tarehe kumi na mbili, tarehe kumi na mbili, nao wanamjibu amina.

Mtu mmoja tu aliketi mdomo wazi, safu ya tatu: Mama Colette. Yeye ndiye mwenye dosie, faili la safari ile kazini.

Jumatatu asubuhi alifika kazini mapema kubadilisha jina, akijiuliza atamwambia nini Gaston. Akamkuta Gaston amemtangulia. Tangu Alhamisi Gaston alikuwa na karatasi yote nyumbani, na usiku wa Jumamosi alikuwa amefikia ukurasa wa pili, ule mstari wa mita mia mbili. Alikuwa amevaa koti la baridi, ameshika barua ya kujiondoa, imepigwa chapa vizuri, sahihi chini. Sababu: masikio.

Daktari alimpima Papa Ghislain siku hiyohiyo. Alisema masikio kama yale kwa umri ule hajayaona. Injinia aliisoma karatasi, akafurahi, akampongeza mzee kwa kupiga kelele, na ameendelea kumpigia kelele mpaka leo.

Tarehe kumi na mbili mzee aliondoka na suti. Hakuna aliyekuja kumuaga isipokuwa mimi na Bibiane, aliyekuja na samaki waliokauka na kushauri alale chali macho wazi. Majirani waliomwona akipita na sanduku na Bibiane nyuma walipiga simu pale pale, na saa mbili asubuhi wamama walikuwa kwa Mama Hortense na mkate. Alikata mkate, akapika chai, wakanywa.

Mzee alirudi baada ya wiki mbili na cheti, na mimi nikamvuta pembeni anieleze, maana nilikuwa na kiu. Alisema mita mia mbili aliogelea bila shida, watu wakapiga makofi. Kisha wakashuka. Kule hawatumii kamba. Mnakwenda wawili wawili, mnazungumza kwa vidole. Basi yeye akashuka, na kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili, akafumba macho. Alikwenda vile, mikono mbele, na mwalimu akadhani anasali, akamwacha.

"Dakika tano zikafika," alisema. "Mwili unazijua. Nikatafuta kamba nikuvutie. Kifuani, haiko. Kiunoni, haiko. Nikaogopa sana, Rémy. Nilisema umeniachilia. Nikafungua macho nitafute kamba."

Nikamuuliza aliona nini.

"Mikono yangu," alisema. "Ilikuwa inatafuta. Sijapata kuiona inatumika."

Samaki pia aliwaona, wa bluu kama wa kwenye picha, na wengine wa njano, lakini hao alinieleza baadaye, mbio mbio. Kuhusu mikono alizungumza mpaka tukafika barrage. Nusu ya hewa ya chupa aliimaliza akiiangalia mikono hiyo, anaifungua, anaifunga, na mwalimu alilazimika kumgonga begani.

Kikula wanamshukuru Mungu kwamba amemwacha yule mwanamke wa ziwani na kurudi nyumbani. Mama Hortense anajibu amina. Cheti amekitundika chumbani, mahali ambapo wageni hawafiki.

Jumatatu iliyofuata tulirudi kazini. Maji yaleyale ya chai. Nilimfunga kamba, nikamuuliza kama sasa atafungua macho huko chini, akasema hapana, ya nini. Akashuka. Mimi nikaangalia saa. Dakika ya tatu haijaisha, kamba ikavutwa mara moja. Nikangoja. Nusu dakika, ikavutwa tena, mara moja, kwa upole.

Kwenye sheria zetu mimi sivuti. Nikavuta, mara moja.